Maji ya Jaruba la Juu

Kituo cha Utafiti wa Mpunga
14 Aprili 2003

Mheshimiwa Bi. Tsuya Nakayashiki,

Ninakuandikia kuomba uniazime jaruba lako la juu kwa msimu mmoja. Nimeanza na ombi lenyewe na kuziruka salamu za majira kwa sababu ofisa wa ushirika wenu amenieleza kwamba masikio yako hayapatani na simu, na kwamba barua ndefu hukuchosha. Nitajitahidi nisirefushe, ingawa walimu wangu wa chuo kikuu wangekushuhudia kwamba ufupi haumo miongoni mwa vipaji vyangu.

Jina langu ni Shugo Kuroki. Nina shahada ya uzamili katika elimu ya urithi wa mimea, ni mzaliwa wa Miyazaki, kusini kabisa, na nimeajiriwa hapa kituoni kwa mkataba unaokoma mwisho wa Machi mwakani. Ninachunguza namna chembe za urithi za mpunga, yaani jeni zake, zinavyoitikia dhiki ya baridi. Unajua kuliko mimi kinachotokea yamase, ule upepo wa baridi, inapovuma kutoka mashariki na kuleta ukungu wa bahari mwishoni mwa Julai: mpunga uliobeba mimba huharibikiwa chavua, na masuke hutoka yakiwa mapepe. Wakulima wa huko hujikinga kwa kujaza maji kimo cha shubiri, ili suke changa lililo ndani ya shina lifunikwe na maji yaliyoota jua, kama mtoto ndani ya blanketi. Mbegu yangu, ambayo hadi sasa haina jina ila namba arobaini na moja, ina jeni inayoamka mapema baridi inapoigusa, ikauamuru mmea uweke akiba ya sukari kwa ajili ya chavua. Kwa nadharia, haihitaji blanketi.

Nadharia hiyo haijawahi kupimwa nje ya chumba cha baridi cha hapa kituoni. Kwa hiyo ombi langu lina sharti moja tu. Jaruba la juu, litakalopandwa mbegu yangu, libaki na maji ya vidole vinne, hata baridi iwe kali kiasi gani. Jaruba la chini, lenye mbegu yako ya kila mwaka, ulitunze kama ulivyozoea, ulijaze maji kama kawaida. Mbegu yangu ikisimama bila blanketi sawa na yako yenye blanketi, tutakuwa tumepata jambo ambalo kaskazini nzima inalisubiri.

Ninatanguliza heshima na shukrani,
Shugo Kuroki

*

Kamisawada
22 Aprili

Bwana Kuroki,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa miwani, ya pili kwa subira. Jaruba chukua.

Ila na mimi nina neno. Nilikuwa na majaruba saba, nimebaki na hayo mawili. Mwanangu Kazuhiko yuko Sendai na mke wake, kila Jumapili ananipigia kelele kwenye simu, "Mama, achana na shamba, njoo ukae na sisi." Namjibu, "Ngoja mpunga utoke." Miaka mitatu sasa ni ngoja mpunga utoke. Tangu mzee wangu afariki, baridi ikiingia naamka alfajiri kushika zamu ya maji peke yangu. Nafungua mlango wa mfereji, nasimama, nafunga, narudi ndani natetemeka hadi chai inamwagika. Nimechoka, mwanangu. Nilishaamua huu ndio mwaka wa mwisho, baada ya hapo nyasi ziote.

Sasa wewe unasema kuna mpunga unaojihangaikia wenyewe. Kama ni kweli, nabaki. Nitalala, nao utasimama na baridi yake. Kama si kweli, nakwenda Sendai kukaa kwenye kiti. Hicho ndicho ninachotaka kujua, basi, sihitaji jina la jeni.

Na si mimi tu. Bwana Kanezawa, mgawa maji wetu, mgongo wake umekwisha kabisa. Nilimpa habari zako pale mferejini, akasema, "Kijana wa Miyazaki ndiye anatufundisha baridi? Kwao si wanaanika nguo nje Januari?" Nikamwambia mvumilie, kila mtu anaanzia mahali. Akasema, "Haya, mwambie akija alete koti."

Lete koti.

Tsuya

*

Kituoni
21 Julai

Mheshimiwa Bi. Nakayashiki,

Ninaandika kukuomba unifanyie kazi ambayo kwa haki ilinipasa kuifanya mwenyewe. Idara ya hali ya hewa imetangaza kwamba yamase itavuma juma zima, na Daktari Hatakeyama, mkuu wangu, ameniamuru nibaki kituoni kuangalia vyumba vya baridi. Hivyo sitaweza kufika katika siku ambazo nimezisubiri mwaka mzima.

Ndani ya kifurushi hiki utakuta vichupa vyenye dawa ya kuhifadhi. Vyenye kifuniko chekundu ni vya jaruba la juu, vyeupe ni vya jaruba la chini. Siku ya nne ya baridi, tafadhali pasua shina, toa suke changa lenye urefu wa kidole, litumbukize, kisha vitume vyote kwa gari la mizigo ya baridi. Dawa hiyo huyagandisha maneno ya jeni kama yalivyokuwa saa ile ile: ile iliyokuwa inanena itaonekana ikinena, ile iliyolala itaonekana imelala. Natarajia vyekundu viwe na makelele makubwa, maana mpunga wangu utakuwa baridini, na vyeupe viwe kimya, maana wako utakuwa umefunikwa na maji.

Nakuomba radhi kwa kurudia sharti lile: vidole vinne. Nilipokuja Mei kupandikiza, Bwana Kanezawa alicheka kwamba ninaushika mche kama yai, na nadhani alisema kweli. Sina ndugu wala mchumba huku, na mbegu hii nimeilea tangu ilipokuwa punje moja. Inaweza kusemwa kwamba ndiye mwanangu wa kwanza. Daktari Hatakeyama amenidokezea kwamba nafasi ya kudumu itampata mwenye matokeo, na kwamba wenye kuitaka ni wawili. Nisipoipata, nitarudi Miyazaki kufundisha watoto hesabu za jioni.

Kwa unyenyekevu,
Shugo Kuroki

*

Kamisawada
3 Agosti

Bwana Kuroki,

Vichupa vimeondoka jana. Vidole vilikufa ganzi, lakini masuke yenyewe madogo, laini, kama mkia wa panya. Vyekundu juu, vyeupe chini, kama ulivyosema.

Hapa tumewasha majiko ya mafuta, mwezi wa Agosti. Nimevaa koti la mzee wangu. Ukungu ni mzito kiasi kwamba humwoni mtu hadi akukoholee. Kila mtu anataka maji kwa wakati mmoja na mfereji ni ule ule, kwa hiyo Kanezawa amekata zamu nusu. Watu wamenuna. Jana aliniita kutoka ng'ambo, simwoni, nasikia tu kelele, "Mama Tsuya, umeshiba?" Nikamjibu, "Nimeshiba!" Akasema, "Una bahati, mimi nimelamba tu."

Jaruba lako usilihofie. Maji nimeyapeleka yanakohitajika.

Wewe kula vizuri. Mei nilikuona umekonda, unatafuna mkate wa dukani huku umesimama. Huo si mlo wa mtu anayetafiti mchele.

Tsuya

*

Kituoni
5 Oktoba

Mheshimiwa Bi. Nakayashiki,

Ninaandika kukushukuru, na pia kukupa pole, wala sijui lipi linapaswa kutangulia.

Tangu siku ya mavuno sijalala vizuri kwa furaha, na furaha hiyo inanitia haya kila ninapolikumbuka jaruba lako la chini. Masuke yako yalikuwa yamesimama wima, kijani bado, mepesi, kana kwamba msimu haujapita. Ulipita katikati yake, ukayagusa kwa kiganja, kisha ukaja kunisaidia kukata yangu yaliyoinama. Punje tisa kati ya kumi katika masuke yangu zimejaa. Mpunga wako uliofunikwa maji umeshindwa, na wangu uliosimama wazi katika vidole vinne umeshinda. Hata katika ndoto zangu za majivuno sikuthubutu kuliwaza jambo hilo.

Daktari Hatakeyama alisoma taarifa yangu akiwa amesimama, na hapa kituoni hiyo ni sifa kubwa. Ushirika umekubali kuitoa mbegu hii kwa wakulima wa Kamisawada kwa ajili ya msimu ujao, na maagizo yatapokelewa mwezi wa Februari. Nimeandika kwa mkono wangu maelezo ya upandaji: kwamba hakuna haja ya kuongeza maji wakati wa baridi. Wewe na Bwana Kanezawa mtalala.

Nakuomba upokee gunia la mchele ambalo nimeagiza liletwe kwako. Ni wa jaruba la juu, kwa hiyo ni wako.

Kwa heshima kuu,
Shugo Kuroki

*

Kamisawada
13 Oktoba

Bwana Kuroki,

Mchele umefika. Hongera. Nilipika chungu kidogo, nikaweka bakuli mbele ya picha ya mzee wangu, nikala na figili ya kuchachua. Mtamu. Kidogo mgumu ukipoa.

Naomba kuuliza. Hayo maelezo ya upandaji, watu wataambiwa kabisa wasijaze maji? Hata baridi ikiwa kama ya mwaka huu? Si unaweza kuandika kwamba anayetaka ajaze?

Ni swali tu. Mimi sikusoma.

Tsuya

*

Kituoni
18 Novemba

Mheshimiwa Bi. Nakayashiki,

Ninaandika kuhusu vichupa. Kuhusu swali lako la Oktoba, jibu ni kwamba mkulima akiambiwa "anayetaka ajaze", atajaza, na mbegu itakuwa haina faida yoyote juu ya ile ya zamani. Maelezo hayana budi kuwa wazi.

Matokeo ya vichupa yametoka maabara, na yamekuwa kinyume. Katika vyekundu, vya mbegu yangu, jeni ya baridi imelala fofofo, kana kwamba mmea haukuonja baridi hata siku moja. Katika vyeupe, vya mbegu yako, jeni zote za dhiki zilikuwa zimeamka na kupiga yowe kwa pamoja. Ni sawasawa na nilivyotarajia, isipokuwa rangi zimebadilishana mahali. Maelezo yanayoingia akilini ni ya namna moja tu: wakati wa kuchukua masuke, vifuniko vilichanganywa.

Sikulaumu. Kulikuwa na ukungu, na kazi hiyo haikuwa yako. Hata hivyo, Daktari Hatakeyama hataniruhusu kuviondoa vichupa hivyo katika taarifa ya mwisho bila uthibitisho wa maandishi. Ningeshukuru ukiandika mstari mmoja kwamba huenda ulivichanganya, na kuugonga muhuri wa familia. Ni jambo dogo, lakini taarifa inakwenda kwenye kamati ya ajira mwezi wa Januari.

Wako katika kazi,
Shugo Kuroki

*

Kamisawada
27 Novemba

Bwana Kuroki,

Mimi Tsuya Nakayashiki huenda nilichanganya vifuniko. Macho yangu si mazuri.

Muhuri nimegonga hapo pembeni. Wino ulikuwa umekauka, samahani, umetoka nusu.

Theluji imeanza. Kanezawa alipita kuchukua figili, akakaa mlangoni, hawezi kuinama kuvua viatu. Anasema, "Msimu ujao yamase ikija nitalala hadi saa mbili asubuhi. Mke wangu atadhani nimekufa." Ameshaamua, majaruba yake yote manne atapanda mbegu yako. Anasema na wengine nane wamekubaliana. Aliniuliza, "Wewe uliyeuona kwa macho, unasemaje?" Nikamwambia chai inapoa.

Tsuya

*

Kamisawada
20 Desemba

Bwana Kuroki,

Nakutumia kamba ya mwaka mpya uitundike mlangoni kwako. Nimeisokota mwenyewe kwa mabua ya jaruba la juu. Kila mwaka huwa nayaosha mabua na kuchagua yaliyo meupe, mwaka huu sikuosha. Nimechoka. Yako kama yalivyotoka shambani.

Itazame vizuri kabla hujaitundika.

Tsuya

*

Kituoni
29 Desemba

Mama Tsuya,

Nimeitazama.

Kila bua lina alama ya tope, duara la kahawia lililokaukia shinani. Nilidhani ni uchafu tu. Nikaifumua kamba yote juu ya meza, nikayalaza mabua sambamba, na alama zikajipanga mstari mmoja. Nilichukua rula, kisha nikaiweka, nikapima kwa mkono, kama mnavyopima ninyi. Si vidole vinne. Ni shubiri nzima.

Jioni hiyo nilikwenda ghalani nikatafuta mabua ya jaruba la chini niliyochukua siku ya mavuno. Yale yana alama chini kabisa, karibu na mzizi.

Kwa hiyo vifuniko havikuchanganywa. Vichupa vilisema kweli, nami nikakuomba uape kwamba vilidanganya, nawe ukaapa. Mbegu yangu ilikuwa imelala chini ya blanketi juma zima, na jeni yake haikuamka kwa sababu hakuna aliyeiamsha. Mbegu yako ndiyo iliyokuwa nje ikipiga yowe. Nilikuwa nayo hiyo sauti kwenye karatasi tangu Novemba na sikuisikia.

Nakuomba uniandikie kilichotokea. Na nakuomba sana usiniandikie kwa kunilinda.

Shugo

*

Kamisawada
7 Januari

Shugo,

Kazuhiko na mke wake walikuja kwa mwaka mpya, wameondoka jana, ndiyo maana nimechelewa. Sikutaka kuandika mbele yao.

Ilikuwa siku ya kwanza ya baridi ile. Zamu imekatwa nusu, maji ya kujaza jaruba moja tu. Nimesimama kwenye mlango wa mfereji, koleo mkononi. Mkono wa kulia jaruba lako, wa kushoto langu. Barua yako ilikuwa kwenye mfuko wa koti, ile ya mwanangu wa kwanza. Usingeliandika neno hilo.

Nilikumbuka sharti, usidhani nilisahau. Nilijiambia kabisa, Tsuya, vidole vinne. Lakini mimi tangu nimeolewa hapa sijawahi kuacha mpunga wenye mimba ukae wazi kwenye yamase. Mkono haujui kufanya hivyo. Ni kama kumwona mtoto wa jirani amelala barazani theluji inaanguka, halafu mama yake amekwambia usimfunike, anampima. Utamfunika. Na maji yalikuwa ya mmoja tu, na mimi wangu nilikwisha kuuona ukifa miaka mingine, nimezoea. Wewe hujawahi kuona masuke yamesimama wima. Nikasema, huyu kijana wa Miyazaki asianzie hapo.

Basi nikafungua la kulia. Siku zote zile.

Nilidhani ni jaruba tu. Nilidhani utapata mchele, utapata kiti chako, yaishe. Sikujua kwamba mtaligeuza kuwa maneno ya kuwaambia watu wasijaze maji. Ulipoandika Oktoba nikauliza kwa kuzunguka, hukusikia. Ulipoandika Novemba unataka muhuri nikaona, haya, mwanamke mzee akionekana kipofu si hasara kwa mtu. Halafu Kanezawa akaja kukaa mlangoni na ule mgongo wake.

Kuandika ilinishinda. Kusokota naweza.

Umenipotezea mavuno ya mwaka mzima na mimi nimekupotezea kiti. Tumelipana, lakini wale wengine hawakukopa kitu.

Tsuya

*

Kituoni
19 Januari

Mama Tsuya,

Ninaandika kukueleza nilichofanya, ili usikisikie kwa mwingine.

Jumatatu iliyopita niliyapeleka mabua ofisini kwa Daktari Hatakeyama, yaliyokuwa na alama juu na yaliyokuwa na alama chini, nikayalaza mbele yake. Nilikuwa nimetayarisha hotuba, lakini nilipofungua mdomo ikanitoka sentensi moja: "Jaribio langu halikufanyika." Aliyatazama moja moja. Kisha akamimina chai, akasema, "Kwa hiyo hatujui kama inafaa, na hatujui kama haifai."

"Ndiyo, mwalimu."

"Hatujui kitu."

"Hatujui kitu."

Akaniuliza kama nilitaka kukulaumu kwenye taarifa. Nilisema hapana. Alisema, "Vizuri, maana ni wewe uliyempa mtu mpunga akulindie, ukamkataza kuulinda." Kisha akasema kwamba kamati itakaa bila jina langu. Nafasi itakwenda kwa mwenzangu anayechunguza ugonjwa wa majani. Anastahili. Mkataba wangu utaisha Machi kama ulivyoandikwa.

Nimechoka kwa namna ambayo sikuifahamu nilipokuwa mwanafunzi. Zamani nilichoka kwa kukesha, nikilala inakwisha. Hii ya sasa naamka nayo. Nadhani ndiyo uliyoniandikia Aprili, nami nikairuka nikitafuta mahali uliposema "chukua".

Kuhusu maagizo ya mbegu: ninaandaa barua rasmi kwa ushirika ya kuyafuta maelezo yangu ya upandaji. Nitaeleza kuwa yalitokana na kosa la usimamizi wa jaribio, upande wangu. Jina lako halitatajwa. Naomba uniambie kama barua hiyo iwafikie wakulima mmoja mmoja au ibandikwe ukumbini.

Kamba niliyoifumua nimejaribu kuisokota upya. Imetoka vibaya, lakini iko mlangoni.

Shugo

*

Kamisawada
27 Januari

Shugo,

Barua usilete. Wala usibandike kitu.

Wewe na mimi tumeandikiana mwaka mzima, tazama tulipofika. Ungekuja ukasimama mferejini hata siku moja ya ile baridi, ungeyaona maji. Ningekuwa na uso wako mbele yangu wakati unaomba muhuri, nisingegonga. Karatasi inanifanya niwe mwongo kwa urahisi, na wewe inakufanya uwe hodari kupita kiasi.

Njoo useme mwenyewe. Watu wanakutana ukumbi wa kitongoji kuandikisha mbegu. Kanezawa atakuwa mstari wa mbele na mto wake wa mgongoni. Sijamwambia, nilitaka asikie tukiwa wote wawili. Utasema sehemu yako, nitasema yangu. Usifiche jina langu, hapa kila mtu anajua jaruba ni la nani, wataniona nimeketi tu kama chungu. Watakasirika. Kanezawa atasema jambo baya kuhusu Miyazaki, mwache aseme, halafu atanyamaza, na hapo ndipo itauma. Alishapanga kulala.

Ukimaliza tutakwenda kwangu tule. Nimenunua mchele dukani, usiwe na matumaini makubwa.

Sasa hili nalisema kwa sababu umeandika kwamba huna kiti. Mbegu yako imebaki, si ndiyo? Jaruba halijui mambo ya mkataba. Kama unaitaka tena, panda yako juu na yangu chini. Yamase ikija uje ulale hapa, kwenye chumba cha mzee wangu, na wewe ndiye utakayeshika koleo, mimi nitakaa ndani. Ukiniona natoka alfajiri na koti, nirudishe. Nirudishe hata nikikutukana. Nataka nijue mara moja tu kama huo mpunga unaweza kusimama wenyewe au mwanamke mmoja ndiye anausimamisha. Ukifa wote, sawa, angalau tutakuwa tumejua, na nitakwenda Sendai bila kugeuka.

Jumapili Kazuhiko alipiga simu. "Mama, mwaka huu vipi?" Nikamwambia ngoja mpunga utoke.

Basi la mjini huchelewa kwenye theluji, panda la kwanza. Vaa viatu vya mpira, na lile koti ambalo hukuleta. Nitakungoja mlangoni mwa ukumbi, hatuingii mmoja mmoja. Ni Jumapili, tarehe nane Februari, saa nne kamili asubuhi.

Tsuya